Uvira: Wasimamizi wa kliniki binafsi wanabeba kansa kila mmoja peke yake

UVIRA – Katika kliniki ndogo za mji huu, mtu wa kwanza kujua kwamba safari ya mgonjwa wa kansa imekwama mara nyingi ni yule anayekaa nyuma ya kidirisha cha malipo, mwenye mhuri, kitabu cha risiti na simu mbili mezani. Wengine wanamwita AG, wengine jestionere, wengine kontabli tu, hata kama hakusomea hesabu. Yeye ndiye anayeandika fakitire. Yeye ndiye anayeieleza familia kwamba kipimo kinalipwa kabla. Na daktari akishamaliza kusema kwamba ugonjwa huu unahitaji hospitali kubwa, ni kwake familia inarudi kuuliza: sasa twende wapi, kwa njia gani, kwa pesa ngapi?

Swali hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, na kwenye barabara ya kusini kupitia Makobola, Swima, Mboko na Nundu mpaka Baraka, kliniki binafsi si za kansa. Zinaishi kwa malaria, uzazi, homa ya tumbo, watoto wenye kuharisha, na kipindupindu kinachorudi kila mara. Kansa inaingia kwa mlango uleule: mama mwenye damu isiyokoma, mwanamke mwenye uvimbe kwenye ziwa ambao tayari umepasuka, mzee asiyeweza kukojoa, mtoto mwenye taya lililovimba. Kliniki haina daktari wa kansa. Ina muganga mmoja au wawili, wauguzi, mtu wa maabara, na msimamizi ambaye analazimika kugeuka kuwa ofisi nzima ya rufaa bila kufundishwa.

Kila mmoja anaigeuza ofisi hiyo kwa namna yake. Msimamizi wa Mulongwe ana namba ya mtu fulani Bujumbura. Wa Kalundu anamjua dereva anayekubali kubeba vipimo. Wa Sange aliwahi kumtuma mgonjwa Rwanda na anakumbuka karatasi zilizodaiwa mpakani. Vitu hivyo vitatu vikikutana kwenye meza moja, mgonjwa amepata njia. Visipokutana, kila familia inaanza upya kama vile hakuna mtu wa Uvira aliyewahi kuugua kansa kabla yao.

Tuiangalie njia yenyewe, kwa sababu ndiyo inayoonyesha ukubwa wa jambo.

Uvira haina mashine ya tiba ya mionzi, ile ambayo wengi wanaita radioterapi. Bujumbura iko karibu sana, ukivuka Kavimvira na Gatumba umefika, na kuna maabara na madaktari bingwa, lakini mgonjwa anayehitaji mionzi amekuwa akitumwa mbali zaidi. Kinshasa haifikiki kwa gari. Bukavu ina Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege chini ya kanisa la 8e CEPAC, na ina Hospitali Kuu ya Rufaa ya Jimbo. Ni huko watu wa Uvira walikozoea kupanda kwa upasuaji na kwa vipimo vikubwa, kwa kupitia Sange, Luvungi na Kamanyola. Tangu Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa AFC/M23, barabara hiyo imekuwa ni ya kuuliza kwanza kabla ya kuondoka. Benki za Bukavu nazo zilifunga milango, na msimamizi aliyezoea kutuma malipo kwa njia ya benki akabaki na simu yake tu.

Upande wa Rwanda kuna Kituo cha Kansa cha Butaro, wilayani Burera, kilichofunguliwa mwaka 2012 na Wizara ya Afya ya Rwanda pamoja na shirika la Partners In Health. Kimewahi kupokea wagonjwa kutoka Kongo na Burundi. Butaro kunatolewa kemoterapi, lakini mionzi inatolewa Kigali, kwenye hospitali ya kijeshi ya Kanombe, iliyoanza huduma hiyo mwaka 2019. Zamani mtu wa Uvira aliweza kupanda gari Bujumbura na kuendelea hadi Kigali. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya ardhini na Rwanda, na njia hiyo ikafa. Ikabaki ile ya kupanda bonde la Ruzizi hadi Kamanyola na kuvukia Bugarama, yaani bonde lilelile ambalo vita vililipitia mwaka mmoja baadaye.

Kuna pia ziwa. Mashua zinatoka Kalundu kwenda Baraka, Kalemie na Kigoma. Anayefika Kigoma bado ana zaidi ya kilometa 1,200 za reli mpaka Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Kansa ya Ocean Road, au anakata kwenda Mwanza, Hospitali ya Bugando. Kwa mtu mwenye nguvu hiyo ni safari. Kwa mama anayetokwa damu, ni jambo jingine.

Sasa weka juu ya ramani hiyo muda wa matibabu. Kansa ya mlango wa kizazi iliyokwisha kuenea kidogo kawaida inatibiwa kwa mionzi ya siku 5 kwa wiki, kwa muda wa wiki 5 hivi, pamoja na dawa ya cisplatin mara moja kwa wiki, kisha mionzi ya ndani. Madaktari wanataka yote yamalizike ndani ya wiki 8, kwa sababu kuchelewa kunapunguza nafasi ya kupona. Kwa hiyo familia haihitaji pesa ya mashine peke yake. Inahitaji kodi ya nyumba ya miezi miwili katika mji wa ugenini, chakula, karatasi ya kukaa, na mtu wa kumsindikiza mgonjwa ambaye naye ameacha shamba, samaki au duka. Pesa ikiisha wiki ya tatu, yule mama anarudi nyumbani akiwa ametumia kila kitu na hajatibiwa kikamilifu. Hilo ndilo msimamizi mzuri anaweza kulizuia, kwa kuwaambia ukweli wa hesabu kabla hawajauza kiwanja.

Lakini atawaambiaje, kama naye hajui?

Kuna mfano ambao wasimamizi wote wa ukanda huu wangepaswa kuukumbuka. Machi 2016, mashine ya kobalti ya Taasisi ya Kansa ya Uganda, huko Mulago, Kampala, iliharibika na haikutengenezeka tena. Ilikuwa ya mwaka 1995 na ilikuwa ndiyo pekee katika inchi yote. Hata Rwanda, ambayo wakati huo haikuwa na mionzi, ilikuwa ikituma watu wake kule. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ilijitolea kuwatibu bure wagonjwa 400 kutoka Uganda, na mashine mpya ya Mulago ilizinduliwa Januari 2018. Karibu miaka miwili. Katika muda huo, kila mgonjwa aliyetumwa Kampala na kliniki ambayo haikupata habari alifunga safari kuelekea kwenye mashine iliyokufa. Habari ilikuwepo, ilitangazwa kwenye redio za dunia nzima. Ila redio haimwambii msimamizi wa Mboko kama Nairobi inapokea watu wa Kongo, wala karatasi gani zinatakiwa. Hiyo anaambiwa na msimamizi mwenzake aliyejaribu wiki iliyopita.

Wenye mali wamelielewa hili mapema, na inafaa kuwatazama bila kuwaonea wivu. Marekani kuna kliniki za kansa zinazomilikiwa na madaktari wenyewe, nje ya hospitali kubwa. Mwaka 2003 sheria mpya ilibadilisha namna bima ya serikali ya wazee, Medicare, inavyolipa dawa za kansa, na kliniki hizo zikaona mwisho wao umekaribia. Mwaka huohuo zikaunda umoja unaoitwa Community Oncology Alliance, na ndani yake wasimamizi, si madaktari, wakapata mtandao wao wenyewe wa kuulizana: bima hii inalipa vipi, dawa hii umeipata wapi, muuguzi wa namna hii unamlipa kiasi gani.

Mwaka 2023 ulionyesha kwa nini mtandao wa namna hiyo una kazi. Kiwanda kimoja cha India kilisimamisha uzalishaji baada ya wakaguzi wa Marekani kukuta makosa makubwa, na cisplatin na carboplatin, dawa za zamani na za bei ndogo, zikapungua Marekani nzima. Uchunguzi uliofanywa katika vituo vikubwa vya kansa ulikuta asilimia 93 vina upungufu wa carboplatin na asilimia 70 vina upungufu wa cisplatin. Februari 2024 wezi wa kompyuta wakavamia kampuni ya Change Healthcare, ambayo ndiyo njia ya malipo kati ya kliniki na bima, na kwa wiki kadhaa kliniki nyingi hazikulipwa. Katika hali hizo mbili, daktari hakuwa na jibu. Jibu, kama lilikuwepo, lilikuwa kwa watu wa ofisi waliokuwa wakipigiana simu.

Tofauti na sisi ni kubwa, haina haja ya kuelezwa. Hata hivyo cisplatin iliyokosekana kule ni ileile anayoihitaji mama wa Mboko, na mtu wa kidirisha aliyekaa bila malipo kule anafanana sana na wetu aliyekuta benki imefungwa.

Hapa kwetu kuna ambao tayari wanasaidiana, na ni haki kuwataja. Hospitali na vituo vya makanisa vina mgongo wa kuegemea: BDOM kwa Wakatoliki, ofisi za afya za 8e CEPAC na za makanisa mengine ya Kiprotestanti. Msimamizi wa kituo cha kanisa akikwama, ana mkubwa wa kumwuliza na mwenzake wa kituo cha jirani. Hospitali kuu ya rufaa nayo ina komite ya uongozi ambamo AG anakaa pamoja na daktari mkurugenzi na mkuu wa wauguzi, na zone ya afya inawakusanya kusoma takwimu. Kaskazini, mjini Goma, ASRAMES ilijengwa kwa wazo la kwamba vituo vikinunua dawa muhimu kwa pamoja vinapata dawa bora kwa bei nafuu kuliko kila kimoja kwenda sokoni peke yake.

Kliniki binafsi ndiyo iliyobaki nje. Inapeleka rapoti ya kila mwezi kwenye ofisi ya zone, inalipa kodi na ushuru, inatembelewa na wakaguzi, lakini hakuna mahali ambapo msimamizi wake anakaa na wenzake kusema kwamba ana mgonjwa wa kansa na hajui la kufanya. Sababu moja inajulikana na kila mtu ingawa haitamkwi: jirani ni mshindani. Ukimwambia kwamba umeishiwa na dawa, kesho anawaambia wagonjwa kwamba kliniki yako imekufa. Ukimwuliza njia ya Kigali, anadhani unamnyang'anya mgonjwa.

Kwa malaria, woga huo una maana. Kwa kansa hauna. Hakuna kliniki ya Uvira inayotajirika kwa mgonjwa wa kansa. Kila moja inampokea, inampima kidogo, na inamtuma. Kuficha njia hakumletei mtu faida yoyote, na ndiyo maana kansa ni mahali pazuri pa kuanzia kwa watu ambao kwa mambo mengine wangependa kuendelea kushindana.

Wala kuungana si kitu kigeni kwetu. Watu wa hapa wanaishi kwa likelemba. Wauza samaki wa Kalundu, walimu, mama wa sokoni, wote wanajua kukaa kumi, kuchanga, kumpa mmoja leo na mwingine mwezi ujao. Vikundi vya AVEC vina sanduku lenye kufuli tatu na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Mtu aliyekaa kwenye likelemba kwa miaka mitano anajua zaidi juu ya kuaminiana kwa masharti kuliko semina yoyote inayoweza kumfundisha. Kinachotakiwa ni kubadilisha kinachochangwa: badala ya pesa, au pamoja na pesa kidogo, watu wachange habari, nafasi kwenye gari, na chupa ya formoli.

Formoli inafaa tuikalie kidogo, maana hapo ndipo mambo mengi yanaharibika bila kelele. Daktari akikata kipande cha uvimbe ili kijulikane ni kansa gani, yaani biopsi, kipande hicho lazima kiwekwe mara moja kwenye formoli ya asilimia 10, ndani ya chupa yenye mdomo mpana, na formoli iwe mara kumi hivi ya ukubwa wa kipande. Jina la mgonjwa, tarehe na mahali kilipokatwa viandikwe juu ya chupa yenyewe, si juu ya kifuniko, kwa sababu vifuniko vinabadilishana. Karatasi ya daktari iende pamoja nacho. Kikiwekwa kwenye maji ya serumu, kinaoza njiani. Kikibanwa kwenye chupa nyembamba ya sindano, kinaingia laini na kinatoka kigumu, na mtu wa maabara anaishia kukivunja. Ndipo jibu linarudi baada ya wiki kadhaa: haisomeki, rudieni. Mgonjwa anakatwa mara ya pili, kama bado yupo.

Nani ananunua formoli na chupa? Msimamizi. Nani anatafuta dereva, analipa maabara, na kupiga simu kufuatia jibu? Yeyeyule. Kliniki moja inaweza kukaa miezi miwili bila biopsi hata moja, na kununua formoli kwa ajili ya mtu ambaye labda hatakuja ni hasara. Kliniki nane zikiwa na chupa zao mahali pamoja, kwa kanuni kwamba anayechukua mbili anarudisha mbili, hasara inakwisha. Na vipimo vitatu vya kliniki tatu vinasafiri kwa gari moja, kwa nauli moja, kwa dereva mmoja ambaye jina lake na saa yake ya kuondoka vimeandikwa.

Ni hivyo pia kwa kemoterapi ya wale waliobahatika kuianza. Aina nyingi zinatolewa kila baada ya siku 21. Mgonjwa anarudi Uvira katikati, anapata homa, damu yake imeshuka, na anakimbilia kliniki ya karibu ambayo haijui kwamba yuko kwenye dawa hizo. Kwa mtu wa kemoterapi, homa si ya kungojea hadi asubuhi. Kama msimamizi wa kliniki iliyomtuma amewaarifu wenzake wawili watatu wa upande anakolala kwamba kuna mtu wa aina hiyo, na mgonjwa amekubali waarifiwe, usiku ule unaweza kwenda vingine.

Nimeandika kwamba mgonjwa amekubali, na hapo ni lazima tusimame. Vikundi vya WhatsApp vimejaa picha za wagonjwa. Vidonda vya maziwa, sura za watoto, fishi zenye jina kamili na namba ya nyumba, vyote vinarushwa kwa nia njema ya kuomba ushauri. Sheria ya makosa ya jinai ya Kongo inaadhibu anayetoa siri aliyoipata kwa kazi yake, na sheria ya kidijitali ya Machi 2023 inalinda habari za mtu binafsi. Zaidi ya sheria kuna mtaa. Katika kartie ambamo watu bado wanasema kansa ni kurogwa, au wanaichanganya na ukimwi, picha moja inatosha kumharibia mwanamke ndoa. Kuulizana kati ya wasimamizi hakuhitaji jina wala sura. Kunahitaji umri, aina ya ugonjwa, na swali.

Hatari ya pili ni bei. Wenye kliniki wakikaa pamoja, majaribu ya kupatana wote wapandishe bei ya skani ya tumbo hayako mbali. Na ya tatu ni kamisyo: kumtuma mgonjwa kwa yule anayekurudishia kitu, si kwa yule anayemfaa. Kundi la wasimamizi linaweza kugeuka soko la wagonjwa kwa mwezi mmoja tu. Anayefikiri kuliunda aliandike hili mapema, kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kabla ya majina ya wanachama: hakuna mazungumzo ya bei zetu, hakuna pesa ya kutumiana wagonjwa. Ofisi ya zone ya afya ijue kundi lipo, na ialikwe. Kundi la wenye kliniki linalojificha kwa zone litaonekana, kwa haki kabisa, kama njama.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao hauzungumzwi hata na wasimamizi wenyewe, labda hasa na wao. Katika kliniki, daktari anashukuriwa. Muuguzi anashukuriwa. Msimamizi anachukiwa. Yeye ndiye aliyesema hakuna dawa bila malipo. Kila mtu katika inchi hii anajua desturi ya kumzuia mgonjwa aliyepona asitoke mpaka deni lilipwe. Kila mtu ana shangazi au jirani aliyekaa hivyo na kitoto chake kichanga. Wanaoilaani wana haki ya kuilaani. Lakini anayefunga lango ni mtu wa mshahara, ambaye mwisho wa mwezi anaulizwa na mwenye kliniki kwa nini kasha ni tupu, na wauguzi wanamwuliza kwa nini hawajalipwa. Akiwa na mgonjwa wa kansa mbele yake, anajua mambo mawili kwa pamoja: kwamba familia hii haitaweza kulipa, na kwamba kila senti inayolipwa hapa ni senti iliyopungua kwenye safari ya Kigali au ya Kigoma.

Mtu huyo anakwenda nyumbani na nani anamsikiliza? Daktari ana wenzake wa chuo na chama chake. Msimamizi hana. Akisema nyumbani, anavunja siri ya kazi. Akinyamaza, anazoea, na kuzoea huko ndiko tunakokuita roho ngumu tukisimama mbele ya kidirisha chake. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu kubwa zaidi ya wasimamizi kukutana, kubwa kuliko formoli na nauli. Watu kumi wanaofanya kazi moja, wakikaa Jumamosi moja kwa mwezi baada ya salongo, wanaweza kuambiana maneno ambayo hawawezi kuyasema mahali pengine: nilimrudisha mtu, na sikulala. Mwingine atasema namna alivyopanga malipo kwa awamu ndogo na familia ikalipa. Mwingine atasema kwamba alimwomba mwenye kliniki aandike kabisa, kwenye kanuni ya nyumba, kwamba mgonjwa wa kansa anayetumwa mbele hazuiwi kwa deni. Kanuni iliyoandikwa inamwondolea msimamizi uzito wa kuamua peke yake kila mara.

Desemba 2025, mapigano yalipoingia Uvira na makumi ya maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi, kila aliyekuwa na rejista ya wagonjwa alilazimika kuchagua: kuibeba, kuificha, au kuiacha. Mgonjwa aliye katikati ya matibabu anaishi ndani ya karatasi hiyo. Humo mna dozi alizokwisha kupata, tarehe ya kurudi, jibu la biopsi. Karatasi ikipotea, hospitali ya ng'ambo inaanza upya au inakataa kuendelea. Dawa yake haina gharama kubwa: mgonjwa mwenyewe apewe nakala ya kila kitu tangu siku ya kwanza, ndani ya bahasha ya plastiki isiyopitisha maji, na aambiwe kwamba akikimbia, bahasha ndiyo kitu cha kwanza kubeba baada ya watoto. Kliniki nyingine inaweza kutunza nakala ya pili iliyofungwa, kama ambavyo jirani anatunza ufunguo. Mji ambao mto Mulongwe uliingia ndani ya nyumba za watu Aprili 2020, na ambao ziwa limekuwa likipanda juu ya kuta za pwani, usingehitaji vita kuambiwa hivyo.

Na kuna wale ambao hawatasafiri. Ugonjwa umeenea, pesa hazipo, au mgonjwa mwenyewe amesema inatosha. Hao ndio wengi, na ndio wanaolala kwenye vyumba vya nyuma vya Kimanga, Kasenga na Nyamianda, kila nyumba ikijua maumivu yake. Kampala, Hospice Africa Uganda iliyoanzishwa mwaka 1993 na Daktari Anne Merriman ilionyesha kwamba mofini ya maji, inayotengenezwa kwa unga uliochanganywa na maji safi, inaweza kumpa mtu maskini usingizi nyumbani kwake kwa gharama ndogo sana. Baadaye Uganda ikaruhusu wauguzi waliofundishwa kuiandika, bila kungoja daktari.

Kuileta mofini kwenye kliniki ya Uvira ni kazi ya karatasi kuliko ya udaktari. Inatakiwa ruhusa, kabati lenye kufuli mbili, rejista ambamo kila mililita inaandikwa na kusainiwa na watu wawili, na mtu wa kujibu wakaguzi wakija. Kliniki moja ndogo, kwa wagonjwa wanne kwa mwaka, haitajisumbua. Kliniki nane zinazokubaliana na hospitali kuu ya rufaa kwamba kabati liwe pale, moja, na kwamba kila msimamizi ajue namna ya kuijaza fishi ya kuombea chupa, zinaweza. Fishi yenyewe ni ukurasa mmoja.